Naomba ushauri: rekodi za wazee wa mifongo na wanafunzi wa nje

Habari wakuu. Nafundisha historia chuoni hapa Moshi. Wanafunzi wangu wanawahoji wazee wa Old Moshi kuhusu mifongo, ile mifereji ya Wachagga inayoshusha maji ya Kilimanjaro mashambani, wakishirikiana mtandaoni na wenzao wa Marekani. Wazee wanaongea Kimochi, Kichagga cha Old Moshi. Tumejaribu kutafsiri papo hapo, lakini majina ya koo na zamu za maji yanapotea, na utafiti wenyewe uko hapo hapo. Sasa tunataka kutuma rekodi nzima. Fomu ya ridhaa inataja chuo chetu tu.

Je, wale wa Marekani wakichambua rekodi bila kuja nchini, wanahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti)? Na ridhaa mpya lazima iwe saini, au mzee akikubali kwa sauti kwenye rekodi inatosha?