Ukumbi au bustani: wapi picha za harusi zitatoka vizuri?

ShelaNyeupe: Habari zenu wadau. Mimi na mchumba wangu tumebakiwa na sehemu mbili na tunavutana. Moja ni ukumbi: dari refu la mbao za kahawia, madirisha upande mmoja tu, taa za rangi kibao jukwaani. Nyingine ni bustani yenye miti mikubwa upande wa magharibi, na wenyewe wanafunga turubai. Gharama zinakaribiana, kinachotukwamisha ni picha. Ndoa inafungwa saa saba mchana hapohapo, sherehe ni kuanzia saa kumi hadi usiku. Mngechagua ipi?

MzeeWaFlashi: Hongera sana binti. Kwa kawaida mimi ni mtu wa ukumbi, maana ndani mpiga picha hategemei mawingu wala upepo. Lakini huo wako una dari baya. Ndani tunaelekeza flashi juu ili mwanga ugonge dari na kushuka laini usoni, na hilo linahitaji dari jeupe lisilo juu sana. Dari likiwa refu mwanga unafifia njiani: umbali ukiwa mara mbili, inayofika ni robo. Halafu mbao za kahawia zinarudisha mwanga wa kahawia, na ngozi zote zinapoteza rangi yake. Dawa ipo, flashi mbili kwenye stendi pembeni zikiwa na miavuli ya kulainisha mwanga. Muulize mpiga picha wako kama anazo. Akisema ana ile moja ya juu ya kamera tu, ukumbi huo uachane nao.

JichoLaLenzi: Bustani, bila kusita, ila si kwa saa saba! Saa hiyo jua liko utosini. Matundu ya macho yanajaa kivuli, pua inaangusha kivuli mdomoni, na gauni jeupe linageuka bamba jeupe tupu, nakshi za lesi hazionekani. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akisimama hapo pembeni, kamera inalazimika kuchagua mmoja. Kama ndoa inaweza kusogezwa hadi saa tisa na nusu au saa kumi, isogezeni. Hiyo miti ya magharibi ni mali: jua likishuka nyuma yake, eneo lote la mbele linaingia kivulini huku anga juu likiwa bado wazi, na mwanga wa namna hiyo hauna mfano kwa nyuso.

MzeeWaFlashi: Mkuu, nakubali kuhusu jioni. Ila watu wanasikia "kivuli cha mti" wanaenda kusimama katikati ya majani. Pale jua linapenya vipande vipande, unapata bibi harusi mwenye madoa meupe kama chui. Asimame ukingoni mwa kivuli, uso ukitazama nje kwenye uwazi.

JichoLaLenzi: Kweli kabisa, na nyasi nazo zisisahaulike. Zikipigwa na jua kali zinatupa ukijani chini ya kidevu na kwenye gauni.

MpambajiMkuu: Dada, mimi nauliza turubai ni la rangi gani. Watu hawaliwazi hili kabisa. Turubai jeupe linachuja jua na kulisambaza, watu wote chini yake wanapendeza. Jekundu au la bluu linapaka rangi hiyo kila uso uliomo, kuanzia wazazi hadi watoto, na hakuna pambo nitakaloweka likaficha. Kama wana jeupe, liandikwe kwenye mkataba. Tena kaangalie kitakachokuwa nyuma yenu mkisimama: maegesho, tangi la maji, mlango wa choo. Ukumbini naweza kufunika ukuta mzima kwa kitambaa, bustanini siwezi kufunika kila kitu.

MhaririPicha: Naandika kama mtu anayekaa na picha hizi baada ya sherehe. Kinachonitesa mara nyingi ni mianga miwili kukutana kwenye uso mmoja. Kwa Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu za njano ziko karibu 3200, mchana wa dirishani karibu 5500. Nikirekebisha shavu moja, la pili linakuwa la bluu. Ukichagua ukumbi, wakati wa kiapo zimeni taa zilizo karibu na dirisha, dirisha lifanye kazi peke yake.

Taa za rangi jukwaani ni mbaya kuliko hizo. Zambarau au bluu kali ikimwagika usoni, maelezo ya ngozi yanapotea na hayarudi. Ninachoweza ni kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, na hakuna anayetaka hivyo kwa picha ya pete. Ongeeni na DJ mapema: kiapo, pete na keki, taa nyeupe tu. Kwenye muziki afanye atakavyo. Nyingine, taa za LED za bei rahisi huwaka na kuzimika haraka bila macho kuona, na shata (kilango cha kamera kinachoruhusu mwanga uingie) ikiwa ya kasi picha inatoka na mistari. Penye umeme wa hezi 50, shata ya sekunde 1/100 kwa kawaida huiondoa.

ShelaNyeupe: Asanteni mno, sikuwa nimewaza rangi ya turubai. Tunaelemea bustani sasa. Vipi mvua? Na giza likiingia?

JichoLaLenzi: Mvua: muulize mwenye bustani kama kuna baraza pana au chumba chenye dirisha kubwa. Chumba kidogo chenye kuta nyeupe kinatosha kabisa kwa picha zenu wawili. Na mawingu yasikutishe, siku ya mawingu ni rafiki wa gauni jeupe.

MzeeWaFlashi: Giza ndilo linalowasahaulisha wengi wanaokimbilia nje. Usiku bustanini hakuna dari wala ukuta wa kurudisha mwanga. Anayepigwa flashi anaonekana, nyuma yake ni weusi mtupu. Tundikeni taa ndogondogo za njano kwenye miti na turubai, nyingi, na ziwe nyuma ya meza kuu pia. Hapo mpiga picha ataifungua shata taratibu na mandhari yataonekana.

MhaririPicha: Nendeni mkapaone saa ileile ya ndoa, si asubuhi mkiwa na nafasi. Mchumba avae shati jeupe, asimame mtakaposimama, ajizungushe polepole huku ukimpiga kwa simu. Utaona mwenyewe ni upande gani macho yake yanang'aa na upande gani yanazama.

ShelaNyeupe: Tunaenda mwisho wa wiki, na shati jeupe lipo. Ndoa tumeomba isogezwe hadi saa tisa na nusu, tunasubiri mfungishaji akubali.

MpambajiMkuu: Akikubali, picha za familia zianze mara tu baada ya kiapo, kabla wageni hawajakaa kula. Mpe mjomba au shangazi mwenye sauti karatasi ya majina awe anaita. Ukoo mzima ukiachwa ujikusanye wenyewe, jua litazama mkiwa bado mnamtafuta babu.