Mjadala: Je, uprogramu wa kifunksheni na wa kimantiki ubaki kuwa somo la lazima chuoni?

Mleta mada
Ndugu zangu, niko mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi ya kompyuta. Muhula huu tumesoma Haskell, lugha ya uprogramu wa kifunksheni (programu huandikwa kama funksheni za kihisabati), na Prolog, lugha ya uprogramu wa kimantiki (unaandika taarifa na kanuni, kompyuta inatafuta majibu), na somo lenyewe ni la lazima, kiasi kwamba ukilifeli huhitimu. Matangazo ya kazi ninayoyaona Dar es Salaam na Nairobi yanataka Java, Python, PHP na JavaScript. Wajapani waliuegemea uprogramu wa kimantiki katika mradi wao wa kompyuta za kizazi cha tano ulioanza mwaka 1982, nao ulimalizika miaka kumi baadaye bila kufikia yaliyotarajiwa. Kwa nini somo hili lisiwe la hiari, ili wanaotaka kujifunza kujenga mifumo ya benki na hospitali wapate muda? Tena niseme wazi kwamba wapo walimu wanaoling'ang'ania kwa sababu tu notisi zao ziko tayari tangu zamani.

Mhadhiri
Kijana wangu, nimelifundisha somo hili kwa miaka mingi, kwa hiyo sentensi yako ya mwisho imeniuma, nami naanza nayo. Hakuna anayeandaa zoezi la Haskell kwa uvivu, kwa maana mwanafunzi aliyezoea kubadilisha thamani ya kigeu (jina linalohifadhi thamani katika programu) kila mstari hulazimika kufikiri upya, na mwalimu hulazimika kumfuata huko aliko. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kilipotaka kuiondoa Haskell katika somo la utangulizi na kuweka Java, mwanasayansi mashuhuri wa kompyuta Edsger Dijkstra aliandika barua ya kupinga. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba programu ya kifunksheni huonekana kwa urahisi zaidi kama kitu cha kihisabati, hivyo mwanafunzi anaweza kufundishwa kuthibitisha usahihi wake badala ya kuijaribu na kuomba Mungu. Kazi ya chuo ni hiyo, si kufuata matangazo ya kazi.

Msanidi
Namuunga mkono mwalimu, ila kwa sababu nyingine. Hata hiyo Java mnayoitafutia ajira iliongeza lambda, yaani funksheni fupi zisizo na jina, mwaka 2014 katika toleo la 8, na ninaona kazini jinsi waliosoma somo hili wanavyozielewa mapema kuliko wenzao. Isitoshe, WhatsApp, ambayo kila mmoja wetu anaitumia, kama sikosei ilijengwa kwa Haskell.

Mhitimu
Umekosea, ndugu. WhatsApp ilitumia Erlang, lugha iliyobuniwa na Ericsson katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Haskell ilitumiwa na Facebook katika mfumo wa kuzuia ujumbe taka. Zote ni za kifunksheni, lakini tukitetea somo kwa mifano ya kubahatisha tunawapa silaha wanaotaka lifutwe. Nami namuuliza mwalimu jambo moja: kama lengo ni kufikiri, kwa nini mnatutahini kuprogramu kwa kalamu na karatasi?

Mwanafunzi wa sapu
Ahsante kwa kuligusa hilo. Tuliambiwa tuandike kanuni ya uhenga katika Prolog, nami nikaanza kwa kusema kwamba mzazi wa mtu ni mhenga wake, kisha nikaongeza:

mhenga(X, Y) :- mhenga(X, Z), mzazi(Z, Y).

Yaani, X ni mhenga wa Y ikiwa X ni mhenga wa Z na Z ni mzazi wa Y. Kimantiki hakuna kosa hapo. Lakini Prolog husoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo kanuni hujiita yenyewe kabla haijauliza taarifa yoyote. Ukiiendesha, inakupa wahenga wote kwa usahihi, na ukiomba jibu jingine inazama hadi kumbukumbu inajaa. Mimi nilipewa sifuri, na mwenzangu aliyeandika vivyo hivyo akapewa alama zote, kwa sababu tulisahihishiwa na watu wawili tofauti. Mbele ya kompyuta ningeiona hitilafu hiyo papo hapo na kuirekebisha kwa kutanguliza mzazi.

Mhadhiri
Sifuri hiyo haikuwa haki, na ningekuwa mimi nisingeitoa. Hata hivyo msitufanye maadui. Wanafunzi ni wengi kuliko kompyuta za maabara, na umeme ukikatika katikati ya mtihani wa vitendo, lawama zote zinamwangukia mwalimu.

Msanidi
Mwalimu, kwa heshima, hilo la vifaa silikubali. SWI-Prolog, programu ya kuendeshea Prolog, ni ya bure na inaendeshwa hata kwenye kompyuta mpakato ya zamani, na ipo SWISH inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Kinachokosekana ni uamuzi wa idara.

Mwanafunzi wa sapu
Na bando nani atalipa?

Mhadhiri
Swali la bando ni la haki, ndiyo maana karatasi siiondoi yote. Ila nitakachopendekeza kwenye kikao cha idara ni hiki: kuandika programu kuhamie maabara kwa makundi, na kwenye karatasi mwanafunzi apewe kanuni iliyokwisha kuandikwa, kama hiyo ya mhenga, aonyeshe hatua kwa hatua Prolog itauliza nini kwanza na itakwama wapi. Hapo msahihishaji hatakuwa na nafasi ya kutoa sifuri kwa mmoja na alama zote kwa mwingine.