Ada mbili za bima kwa duka moja: tofauti inatoka wapi?

MwenyeDuka_Moro
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina duka la rangi na vifaa vya umeme hapa Morogoro, na tangu Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 nimekuwa nikijiahidi kukata bima bila kutimiza. Mwezi huu nimepewa makadirio mawili ya bima ya moto na wizi wa kuvunja: wakala wa kwanza anataka shilingi 401,200 kwa mwaka, wa pili 200,600. Mali iliyomo dukani ni ya shilingi milioni 40 hivi. Je, huyu wa kwanza ananilangua, au kuna jambo sijaliona kwenye karatasi? Na nipunguzeje gharama bila kubaki na bima isiyonifaa siku ya janga?

Mstaafu_wa_Bima
Ndugu yangu, kabla ya kulinganisha bei, tazama mstari unaotaja thamani ya mali iliyokatiwa bima. Ukiondoa VAT ya asilimia 18, wa kwanza anabaki na 340,000 na wa pili 170,000, yaani nusu kamili, na nusu iliyonyooka hivyo mara nyingi haitokani na punguzo bali na thamani iliyokatwa katikati. Nina shaka kubwa kwamba karatasi ya pili imeandikwa milioni 20.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapoumia, kwa sababu wanadhani kwamba mwenye bima ya milioni 20 akiunguliwa na mali ya milioni 10 atalipwa zote 10. Sivyo. Ipo kanuni ya wastani: ikiwa umekatia bima nusu ya mali yako, hasara yoyote inalipwa nusu. Utapata milioni 5, na humo yataondolewa makato unayobeba mwenyewe. Nusu nyingine ulijikatia bima wewe, bila kujua.

MamaVitenge_Kahama
Mimi thamani niliandika sahihi, lakini nilikwama kwenye ushahidi. Wezi walitoboa ukuta wa nyuma usiku, wakabeba majora ya vitenge. Mkadiriaji hasara alipokuja aliomba daftari la mali na risiti za manunuzi, nami nilikuwa nimeziweka zote kwenye droo ya kaunta, na droo yenyewe ilikuwa imebebwa. Nililipwa kwa kile tu nilichoweza kukithibitisha kupitia wauzaji wangu wa jumla. Siku hizi kila Jumamosi jioni nahesabu mali, napiga picha rafu zote na risiti za EFD, kisha namtumia dada yangu. Tafadhali, usilipe hata shilingi ya ada kabla hujaanza utaratibu huo.

Dalali_Dodoma
Nakubaliana na waliotangulia, na kuhusu kupunguza gharama, msingi ni kuipunguza hatari yenyewe. Kwa duka la rangi, swali la kwanza litakuwa tina, yaani kile kiyeyushi cha rangi kinachoshika moto upesi, inakaa wapi. Ukiihamishia stoo ya nje yenye hewa, ukaweka vizima moto vinavyokaguliwa na mlango wa nondo, omba wakala aje aone na akupigie hesabu upya. Njia nyingine ni kukubali makato makubwa kidogo, ili hasara ndogondogo uzibebe mwenyewe na kampuni ibaki na zile za kukufilisi. Ila usikubali kiasi ambacho huwezi kukitoa mfukoni wiki hiyo hiyo.

Kama una mkopo, iulize benki iwapo mali hiyo tayari ina bima, kwa kuwa ukilipia mara mbili hutafidiwa mara mbili. Na ukishalipa, hakiki hati yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

MwenyeDuka_Moro
Nawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu. Nimeitazama tena karatasi ya pili na kweli imeandikwa milioni 20. Nilipompigia wakala alisema aliishusha ili ada ilingane na uwezo wangu, jambo ambalo hakunieleza hapo awali. Nimemwomba wa kwanza aje Alhamisi kukagua duka, na leo vijana wamekwisha kutoa madumu 14 ya tina yaliyokuwa chini ya ngazi, karibu kabisa na swichi kuu.