Mwanafunzi kaniuliza kama NASA walidanganya kuhusu vifo vya Challenger. Nimjibu vipi?

MwalimuChaki
Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, hasa kwa wenye uzoefu wa ufundi wa ndege, wanasheria, na wazazi wenzangu.

Nafundisha fizikia kidato cha tatu na ni mlezi wa klabu ya sayansi. Mwezi huu tumepanga kujadili ajali ya Challenger, chombo cha anga cha NASA (shirika la anga la Marekani) kilichosambaratika baada ya kurushwa tarehe 28 Januari 1986 kule Florida, kwa sababu ndani yake kuna mada zangu nyingi kwa mkupuo: joto na tabia ya mpira, mgandamizo wa gesi, kani za hewa. Halafu mmoja wa wanaanga saba waliokufa, Christa McAuliffe, alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Concord, New Hampshire, aliyepatikana kati ya waombaji zaidi ya 11,000 ili akafundishe akiwa angani. Jambo hilo linanigusa kama mwalimu.

Sasa kuna kijana mmoja, kichwa kwelikweli, karudi likizo na vitu alivyovikuta kwenye simu ya kaka yake. Cha kwanza ni maandishi yanayodaiwa kuwa maneno ya mwisho ya wanaanga wakati wanaanguka: watu wanapiga kelele, wanasali, wanaagana. Cha pili ni video inayodai kwamba wote saba wako hai hadi leo, wanaishi Marekani, na picha zao za uzeeni zimewekwa pembeni. Amesimama mbele ya wenzake akauliza: "Mwalimu, rekodi rasmi tuziamini kwa nini?"

Nimesoma nyaraka kabla ya kumjibu, na shida yangu imeanzia humo. Mwanzoni wasemaji wa NASA walikuwa wakisema wanaanga hawakujua kitu na pengine walikufa papo hapo. Miezi sita baadaye, tarehe 28 Julai 1986, NASA hiyohiyo ikatoa taarifa ya Dkt. Joseph Kerwin, naye mwanaanga wa zamani, inayosema mambo tofauti kabisa: kwamba yaelekea kusambaratika kwa chombo hakukuwaua, na kwamba baadhi yao walikuwa na fahamu angalau kwa muda mfupi.

Nikiwaambia wanafunzi ukweli huo, nitakuwa nimempa yule kijana bunduki na risasi zake. Nikinyamaza, siku akiisoma taarifa hiyo mwenyewe ataniweka kundi moja na waongo. Mngefanyaje?

Konda_Mstaafu
Mwalimu, mimi sina cha kuchangia, nimekuja na karanga zangu. Ila huyo kijana msimfukuze klabu.

Mtata_Halisi
Mwalimu amka. Hao jamaa wanajulikana. Swali moja tu: kama hakuna cha kuficha, kwa nini mkanda wa sauti ya ndani ya chombo haujasikilizwa na umma mpaka leo? Miaka yote hiyo? Na hizo picha za waliofanana nao, tena mmoja ana jina lilelile kabisa, nazo ni bahati? Mwache mtoto afikiri.

MzeeKarakana
Mwalimu shikamoo ya kazi. Nimekaa kwenye matengenezo ya ndege mpaka nimestaafu, ripoti za ajali nimezisoma nyingi, na nakushauri hivi: mwambie yote. Ila mwoneshe kwamba "rekodi rasmi" si kitu kimoja. Kuna kauli ya msemaji siku ya tukio, ambayo kwangu mimi haina uzito wowote, hata ingetoka wapi. Kuna ripoti ya tume. Kuna taarifa ya daktari. Kuna hukumu ya mahakama. Kila moja ina mwandishi wake, tarehe yake, na kile ambacho mwandishi alikuwa nacho mkononi siku hiyo.

Chukua hilo la sauti. Siku ya ajali dunia ilisikia redio tu, mazungumzo kati ya chombo na Houston, kituo cha kuongozea safari. Neno la mwisho redioni ni la kamanda Francis Scobee akithibitisha kwamba wanaongeza nguvu ya injini. Mazungumzo ya wao kwa wao ndani ya kabini hayakurushwa redioni, yalikuwa kwenye mkanda wa kinasa sauti, na mkanda huo ulikaa chini ya bahari yapata wiki sita kabla haujaopolewa na kusafishwa maabara. Uliposikilizwa ndipo ikasikika sauti ya rubani Michael Smith ikishtuka, "uh-oh", kwenye sekunde ya 73 tangu kurushwa. Basi. Kwa hiyo kauli kwamba hawakujua kitu ilianguka, ikaangushwa na ushahidi wa walewale walioitoa.

Na hapohapo ndipo yale maandishi ya WhatsApp yanapokufa. Umeme wa kabini ulitoka kwenye mitambo iliyokuwa sehemu ya katikati ya mwili wa chombo. Kabini ilipochomoka, nyaya zilikatika, kinasa sauti kikazima, redio nayo ikazima. Hakuna kifaa kilichobaki cha kurekodi sala ya mtu yeyote. Maandishi hayo yalichapwa na gazeti la udaku la Marekani miaka mingi kabla ya WhatsApp kuzaliwa. Muulize kijana: yalirekodiwa na nini? Kwa umeme upi?

MamaWawili
Mzee umeeleza vizuri, lakini mimi kama mzazi nina neno. Wale watu wana wajane na watoto. Wanafunzi wa McAuliffe mwenyewe walikuwa wanatazama moja kwa moja. Mwalimu, usisome yale maandishi ya uongo darasani hata kwa nia ya kuyapinga, maana watoto watasahau pingamizi na kukumbuka vilio. Sema yapo, sema ni ya kughushi na sababu yake, songa mbele.

MwalimuChaki
Asante mama, hilo nalichukua kama lilivyo. Mzee Karakana, naomba unisaidie hapo kwenye taarifa ya Kerwin. Wanafunzi wataniuliza walijuaje kwamba kuna waliokuwa na fahamu.

MzeeKarakana
Kwa vifaa, mwalimu. Kabini ilionekana baharini Machi 1986, kina cha mita 30 hivi. Ndani yake walipata vifurushi vinne vya hewa ya dharura, vile ambavyo mwanaanga anaviunganisha na kofia yake. Vitatu vilikuwa vimewashwa. Kimoja kilikuwa cha Smith, na swichi yake ilikuwa nyuma ya kiti, mahali ambapo yeye mwenyewe asingefika kirahisi. Kwa hiyo kuna mwenzake aliyeketi nyuma aliyeinama akamwashia. Mgongano na bahari hauwezi kuwasha swichi hizo kwa bahati mbaya, walilipima.

Sasa tahadhari, na hapa naomba uwe makini. Vifurushi vile vilikuwa vya kutumia chombo kikiwa chini, vina hewa ya kawaida isiyo na mgandamizo. Kabini ilipanda mpaka karibu kilomita 20 kabla ya kuanza kuanguka. Kama ilivuja, hewa ile isingewasaidia, wangezimia ndani ya sekunde chache. Kama haikuvuja, ni habari nyingine. Ilipiga maji kwa takriban kilomita 330 kwa saa, dakika mbili na sekunde 45 baada ya kusambaratika, na kuta zikaharibika kiasi kwamba hakuna awezaye kusema ilikuwa imevuja au la. Kerwin aliandika wazi kwamba chanzo cha kifo hakiwezi kuthibitishwa. Kwangu mimi sentensi hiyo ndiyo inayonifanya niiamini taarifa yake. Mtu anayekudanganya hakuachii shimo kama hilo katikati ya karatasi.

Na ufute neno "ulipuko" ubaoni. Lile wingu la moto ni hidrojeni na oksijeni za tanki kubwa zikiwaka. Chombo chenyewe kilivunjwa na hewa, kiligeuka ubavu kikiwa kwenye mwendo mkali sana.

WakiliPwani
Nimjibu Mtata kuhusu mkanda, maana swali lake ni halali. New York Times waliuomba mkanda kwa sheria ya Marekani ya uhuru wa habari. NASA ikatoa maandishi ya mazungumzo, ikakataa kutoa sauti. Kesi ikapanda hadi mahakama ya rufaa ya Washington, ambayo mwaka 1990 ilikubali kwamba mkanda ule unaingia kwenye kinga ya faragha, ikairudisha chini ipimwe faragha ya nani dhidi ya manufaa gani ya umma. Mwaka 1991 jaji akaamua kwamba familia zisilazimishwe kusikia sauti za marehemu wao kwenye kila redio, wakati maneno yenyewe yameshachapishwa.

Unaweza kuipinga hukumu hiyo. Binafsi naona familia zilistahili kulindwa, ila gazeti nalo lilikuwa na hoja nzito, sauti inabeba mambo ambayo karatasi haibebi. Lakini sababu ya kutotolewa iko hadharani, imeandikwa na imesainiwa. Hiyo haiitwi siri.

Kuhusu picha: wawili kati ya hao "wanaanga waliozeeka" ni ndugu wa damu wa marehemu Ronald McNair na Ellison Onizuka. Wanafanana kwa sababu wametoka nyumba moja. Anayefanana jina ni mtu mwingine aliyekuwa na maisha yake hata kabla ya 1986. Tuwaache wapumzike.

Mtata_Halisi
Kwa hiyo hata nyie mnakubali walificha mwanzoni. Asanteni. Sina zaidi.

MzeeKarakana
Nakubali, mdogo wangu. Tena nitakuongezea, maana umeridhika mapema. Uozo ulikuwepo, ila wewe unautafuta kwenye picha za wazee. Upo usiku wa tarehe 27 Januari.

Usiku ule wahandisi wa Morton Thiokol, waliotengeneza roketi za pembeni, walishauri kwa simu chombo kisirushwe iwapo joto la viungo vya roketi liko chini ya nyuzi 12. Asubuhi ya pili kulikuwa na nyuzi 2 tu. Mhandisi wao Roger Boisjoly alikuwa ameshaandika onyo la maandishi tangu Julai 1985 kuhusu oringi, yaani pete za mpira za kuziba gesi kwenye viungo vile, kwamba mambo yanaweza kuishia kwenye maafa. Upande wa NASA haukufurahi. Mameneja wa Thiokol wakaomba dakika chache pembeni, mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja, wakarudi kwenye simu na jibu jingine. Allan McDonald wa Thiokol, aliyekuwa Florida, akakataa kusaini ushauri huo wa kurusha. Akasaini mtu mwingine.

Hayo yote yamo kwenye ripoti ya Tume ya Rogers ya Juni 1986. Tume iliyoundwa na rais mwenyewe! Na mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa mjumbe, hakuridhika hata na ripoti hiyo. Alitishia kuondoa jina lake mpaka maoni yake yawekwe kama kiambatisho. Humo alionesha kwamba mameneja walikuwa wanadai uwezekano wa ajali ni 1 kati ya 100,000, wakati wahandisi walikuwa wanasema karibu 1 kati ya 100. Huko ndiko kuhoji rekodi rasmi, Mtata. Jina la mtu, tarehe, namba.

Ukisema wale saba hawakufa, umewafutia kesi wote waliobadilisha jibu usiku ule. Kama hakuna marehemu, hakuna aliyekosea. Video yako inawatetea wakubwa kuliko msemaji yeyote wa NASA alivyowahi kuwatetea.

Konda_Mstaafu
Mzee kashusha abiria wote kituo kimoja 😂

BintiMajuu
Na yule Mrusi, Komarov wa Soyuz 1, aliyeanguka 1967 baada ya parashuti kukataa kufunguka? Nasikia naye kuna maneno ya mwisho yanayozunguka.

WakiliPwani
Yapo, na yana utata mkubwa. Fungua uzi wake, hapa tutampoteza mwalimu.

MwalimuChaki
Wakuu nimepata njia. Sitaanza na vifo. Nitaanza na takwimu za joto zilizomo kwenye ripoti yenyewe ya Rogers: safari zote nne zilizorushwa kukiwa na nyuzi 17 kushuka chini zilikuwa na oringi zilizoungua au kupitisha gesi, na katika safari 20 zilizokuwa na joto zaidi ya hapo ni tatu tu zilizopata tatizo hilo. Usiku ule walijadili zilizoharibika, zile salama hawakuziweka kwenye mchoro, ndiyo maana hawakuona kitu. Nitampa yule kijana achore grafu zote mbili na atetee mbele ya wenzake uamuzi ambao angeutoa. Taarifa ya Kerwin itakuja wiki inayofuata, akiwa na mazoea ya kuuliza nani kaandika na alikuwa na nini mkononi.

Swali la mwisho. Nataka kurudia lile jaribio la Feynman la oringi kwenye maji ya barafu. Oringi za pampu ya maji zitafaa?

MzeeKarakana
Hizo nyeusi za pampu zinavumilia baridi, watoto hawataona tofauti kubwa na utaaibika bure. Nenda maduka ya vipuri uulize oringi za vaitoni, zile za kustahimili mafuta na joto kali. Za Challenger zilikuwa za jamii hiyo, na adui yake ni baridi. Chukua mbili zinazofanana. Moja ibane kwa klempu ndogo uiache mezani, nyingine ibane uizamishe kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi kwa muda wa kutosha. Kisha fungua klempu zote mbili kwa wakati mmoja. Moja itarudi kwenye umbo lake upesi, nyingine itabaki imebonyea kidogo ikijivuta. Weka saa, mwache kijana mwenyewe ahesabu sekunde. Kwenye kiungo cha roketi hitilafu ilianza ndani ya sekunde ya kwanza, moshi mweusi unaonekana kwenye filamu ya kurushwa.

MwalimuChaki
Jumamosi naenda Kariakoo. Nitaleta majibu hapahapa.

Konda_Mstaafu
Ukipita Gerezani uliza bei mara mbili.