Re: Ghorofa la zamani Tanga mjini, nilipe au nisilipe?

> Sebuleni kuna nyufa mbili, lakini rangi ni mpya na dalali anataka jibu kesho.

Dada, karibu Tanga. Tafadhali usilipe kodi kesho.

Nyufa hizo sizo zilizonitia hofu. Nimeikuza ile picha yako ya nje: chini ya roshani ya juu zege limemeguka na nondo zimechungulia, nyekundu kwa kutu. Hewa yetu ya bahari ina chumvi. Ikishapenya kwenye zege, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Fundi akipiga plasta juu bila kuikwangua kutu, ameuficha ugonjwa tu.

Haya niliyajua kwa kuponea chupuchupu. Mwaka wangu wa kwanza hapa, baada ya mvua za masika, pande la zege lilidondoka kutoka roshani ya juu likatua uani, ndani ya beseni la nguo. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza ameinuka pale kwenda kuchota maji. Nililiokota. Upande mmoja rangi nyeupe safi. Upande wa pili alama ya nondo, na mikato yake yote, kama mhuri wa kutu. Mwenye nyumba alileta fundi na ndoo moja ya saruji. Nami kodi ya miezi sita nilishalipa, ningehamia wapi? Kwetu Mombasa unatoa mwezi mmoja na amana, mambo yakiharibika unafunga virago. Hapa kagua kabla pesa haijatoka mkononi.

Nenda mchana. Gonga dari na chini ya ngazi kwa mpini wa bisibisi: zege zima hulia kwa mlio mkavu, lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Kisha panda paani ukahesabu matangi. La lita 1,000 likijaa ni tani nzima juu ya vichwa vyenu.

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikukoseshe usingizi. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha na kutokeza hadi nje, huo waulize wapangaji wa zamani kama unatembea, yaani unazidi kurefuka au kupanuka. Muulize na mwenye duka la chini kama kuna ukuta au nguzo iliyobomolewa kupanua duka. Tangu jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, liporomoke tarehe 16 Novemba 2024, mimi sioni tena haya kuuliza.

Ukibaki na shaka, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, si fundi wa dalali.

Jumamosi asubuhi nina nafasi. Mwambie dalali aje na ufunguo wa mlango wa paani, nitapanda nawe.