Kozi fupi za kazi Marekani: zinamfungulia maskini chuo au zinamkwepesha?

MWANZISHA MADA
Wakuu, kuanzia Julai 1, 2026, Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, inaweza kulipia hata kozi ya wiki 8. Wengi wanashangilia. Mimi nasita.

Tulishapita njia hii. Mwaka 1996 Clinton alisaini sheria iliyogeuza misaada ya familia maskini: kazi kwanza, shule baadaye. Masomo ya ufundi ya mama anayepokea msaada yanahesabiwa kama kazi kwa miezi 12 tu. Uuguzi kwenye chuo cha jamii ni miaka miwili. Jimbo linaweza kumwacha aendelee, ila mama huyo hahesabiwi tena kuwa kazini, na mahesabu ya jimbo mbele ya serikali kuu yanaharibika, kwa hiyo anaambiwa akatafute kibarua.

Sheria ya mafunzo ya kazi ya 1998 ikaongeza ngazi: ulipiwe mafunzo baada ya kutafuta kazi na kukosa. Ukipata ya kufagia, umekwisha. Ngazi hiyo iliondolewa 2014, lakini vituo vya ajira bado hupimwa kwa idadi ya walioajiriwa na mishahara yao. Hapo nani atapewa nafasi, aliyeishia darasa la saba au yule ambaye angeajiriwa hata bila kituo?

MCHANGIAJI 1
Mkuu, kodi ya nyumba haingoji miaka miwili. Nilifika huku mkimbizi kutoka Kivu, nikawekwa ghalani usiku. Kozi ya usaidizi wa wauguzi ndiyo iliyonitoa. Ungeniambia nisubiri shahada, ningekuwa nabeba maboksi mpaka leo.

MWANZISHA MADA
Pole na hongera, ndugu yangu. Ulipotaka kusonga hadi uuguzi kamili, walikihesabu cheti chako?

MCHANGIAJI 1
Hapana. Nilianza sifuri.

MCHANGIAJI 2
Sheria mpya ya Pell kwa kozi fupi imeliona hilo: masomo lazima yahesabike mtu akiendelea na programu inayohusiana. Tena asilimia 70 wamalize, na asilimia 70 wapate kazi, la sivyo kozi inapoteza Pell. Tatizo liko wapi?

MWANZISHA MADA
Hilo la kwanza nalipokea kwa mikono miwili. Hiyo 70 ndiyo inayoninyima usingizi. Chuo kinachoogopa kufutiwa kozi kitaanza kuchuja mlangoni, na mama mwenye watoto watatu asiye na gari ndiye wa kwanza kuambiwa darasa limejaa.