Mjadala: Kwotabeki akiumia katikati ya msimu, timu inunue mwingine au imwamini wa akiba?

Mleta mada: Wadau wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani ambako kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, tuanze na Cincinnati ya 2025. Kwotabeki wao Joe Burrow aliumia kidole gumba cha mguu wiki ya 2, Jake Browning wa akiba akapewa usukani, timu ikaporomoka. Tarehe 7 Oktoba wakamchukua Joe Flacco, miaka 40, kutoka Cleveland, wapinzani wao wa kundi moja! Cleveland ikampa pamoja na chaguo la raundi ya 6 katika drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya; raundi ya chini ndiyo yenye thamani zaidi), ikapokea la raundi ya 5. Alitua Jumanne, Jumapili akaanza ugenini Green Bay na kulala 27-18. Siku nne baadaye akaifunga Pittsburgh 33-31. Kwa bei hiyo nasema nunua, usisite.

Mdau wa Minnesota: Mkuu, bei ya drafti ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kocha huongea na kwotabeki kupitia spika iliyo ndani ya kofia, na saa inayohesabu muda wa kuanzisha kila jaribio ikibakiza sekunde 15 sauti inakatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake: asome ulinzi, awaelekeze watu watano wa mbele nani amzuie nani, ampe senta, anayemrudishia mpira, ishara ya kuuachia. Timu mbili zinaweza kuwa na mbinu ileile kwa majina tofauti kabisa. Mgeni akichelewa kutafsiri kichwani, anashambuliwa na mtu ambaye hakupangiwa mzuiaji.

Mtazameni Joshua Dobbs. Kirk Cousins alichanika kano ya kisigino 29 Oktoba 2023, siku mbili baadaye Dobbs akaletwa kutoka Arizona. Tarehe 5 Novemba aliingia katikati ya mechi Atlanta bila kufanya mazoezi na kikosi cha kwanza, akashinda 31-28. Kila mtu akashangilia. Wiki chache baadaye wapinzani walikuwa wameshamsoma: Chicago ilimnyakua pasi nne, na muda si mrefu akakaa benchi. Msimu ukaisha 7-10, yaani ushindi saba na vipigo kumi.

Mdau wa hesabu: Niongeze upande wa fedha, maana wengi wanauchanganya. Mchezaji akihamishwa, timu mpya hulipa mshahara wa msingi wa wiki zilizobaki tu. Bonasi aliyolipwa wakati wa kusaini hubaki kwenye kikomo cha mishahara (kiwango cha juu kinachoruhusiwa) cha timu iliyomuuza, kama fedha mfu: inahesabiwa ingawa mchezaji hayupo tena. Ndiyo maana mkongwe kama Flacco anauzika Oktoba, na mwenye mkataba mnene hauziki kirahisi.

Hatari ni pale timu inapolipa kwa hofu. Oakland 2011 walikuwa 4-2, Jason Campbell akavunjika mfupa wa mtulinga. Wakatoa chaguo la raundi ya 1 na la raundi ya 2 kumpata Carson Palmer, ambaye hakuwa amecheza msimu ule. Siku tano baadaye akaingizwa dhidi ya Kansas City: pasi zake tatu zikanyakuliwa, wakafungwa 28-0. Wakamaliza 8-8. Huko ni kuuza shamba ili ununue mboga.

Mdau wa San Francisco: Kosa la Oakland ni haraka. Sisi tulimchukua Jimmy Garoppolo mwisho wa Oktoba 2017 kwa chaguo la raundi ya 2, akaachwa ajifunze kwanza. Alianza mechi ya kwanza 3 Desemba, akashinda zote tano zilizobaki.

Mdau wa Minnesota: Kaka, mlikuwa hamna cha kupoteza. Timu inayowania nafasi ya mtoano haina wiki tano za darasa. Philadelphia msimu uleule walimpoteza Carson Wentz Desemba, wakabaki na Nick Foles aliyekuwa nao tangu maandalizi. Akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, 41-33 dhidi ya New England.

Mleta mada: Foles alikuwa na safu bora ya mbele, mkuu. Na Flacco hakushindwa: alirusha yadi 470 dhidi ya Chicago, ulinzi ukaruhusu pointi 47 na timu ikafungwa 47-42.

Mdau wa hesabu: Basi umejijibu. Ulinzi ukiwa hivyo, kwotabeki mpya ananunua nini?

Mdau wa Minnesota: Tena dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa Jumanne baada ya wiki ya 9. Indianapolis walimpoteza Daniel Jones Desemba 2025, kubadilishana hakupo tena. Wakamrudisha Philip Rivers, miaka 44, aliyestaafu baada ya msimu wa 2020. Kwa nini yeye? Kocha Shane Steichen aliwahi kufanya naye kazi Chargers, kwa hiyo lugha ya mbinu alikuwa nayo. Mechi yake ya kwanza, ugenini Seattle, Indianapolis walipoteza 18-16 tu.

Mleta mada: Hapo nakubali. Ila Browning naye aliijua lugha ya Cincinnati miaka yote, na bado ilibidi atolewe.